Mwaka mmoja chini ya amri ya mahakama: tuliyojifunza tukimuuguza mdogo wangu nyumbani

Mdogo wangu alipoachiwa na mahakama kwa sharti la kuhudhuria kliniki ya afya ya akili, ukoo mzima ulimshukuru Mungu na kuona kwamba shauri limekwisha. Sehemu ngumu ilikuwa bado. Ninaandika haya kwa ajili ya familia za hapa Moshi na kwingineko zenye mtu mzima anayeugua akili na aliyefikishwa mbele ya hakimu, kwa sababu katika mwaka ule wote hatukumpata mtu aliyeipitia njia hiyo akatueleza mapema yanayongoja mbele. Jambo kubwa ninalotaka lieleweke ni kwamba amri ya namna ile humwajibisha mgonjwa peke yake. Haiwajibishi stoo ya dawa, wala nauli, wala ndugu, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama atatibiwa au hatatibiwa.

Mdogo wangu ana miaka thelathini na kitu na anaishi na mama kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, upande wa Kibosho. Ugonjwa wake, ambao madaktari huuita skizofrenia, ulijitokeza alipokuwa akisomea ufundi wa umeme. Akiwa na nafuu, hakuna katika familia yetu anayejua kutunza ng'ombe wala kupogolea migomba kumzidi yeye. Akiacha dawa, hali haibadiliki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wiki zinapita akiwa mzima, anaanza kuamini kwamba hakuzihitaji, na nyumba nzima inaanza kuamini hivyo pamoja naye. Kabla ya tukio lililompeleka mahakamani alikuwa ameziacha kwa miezi kadhaa. Alianza kusikia sauti zikimwambia kwamba mibuni ya jirani inanasa maneno yake na kuyapeleka mjini, na usiku mmoja alichukua panga, akaingia katika shamba la jirani na kuikata. Ilikuwa mibuni ya miaka mingi, na kila mkulima anajua kwamba mche mpya wa kahawa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Hasara ya jirani ilikuwa kubwa, wala sijawahi kuona sababu ya kuipunguza kwa maneno.

Vijana wa kitongoji walimkamata na kumpiga kabla mwenyekiti hajafika. Kwa hiyo jambo la kwanza kituoni lilikuwa PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, ili majeraha yake yatibiwe na yaandikwe. Jambo la pili, ambalo ni muhimu kama la kwanza, lilikuwa kumwonyesha mkuu wa zamu kadi yake ya kliniki na kueleza kwamba mtuhumiwa ni mgonjwa. Kama una ndugu wa namna hii, hifadhi kadi hiyo mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja na uwe na nakala yake, kwa sababu polisi wanapokutana na mtu anayefoka peke yake saa nane za usiku hawana njia ya kujua kama amelewa, anajifanya au anaumwa. Karatasi yenye mhuri wa hospitali ndiyo itakayomsemea.

Shtaka lilikuwa kuharibu mali. Mara ya kwanza aliposimama kizimbani alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na hakimu, baada ya kumtazama kwa utulivu, aliahirisha kesi na kuamuru apimwe akili. Alipelekwa Dodoma, katika hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo ina taasisi ya Isanga inayopokea wagonjwa wanaotoka mahakamani. Kutoka Moshi hadi Dodoma kwa basi kupitia Arusha, Babati na Kondoa ni safari ya kutwa, na mama alikwenda kumwona akiwa na chupa ya maziwa ya mgando aliyoipakata njia nzima. Tulisubiri kwa miezi. Ripoti ilipokuja ilieleza kwamba kwa matibabu aliyokwisha kupewa sasa anaweza kuelewa mashtaka na kujitetea.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo familia nyingi hazilijui, nasi tulielezwa na msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao kwa wasio na uwezo hailipiwi. Ndugu zetu wengi waliona njia ni moja tu, kumwambia hakimu kwamba mtu huyu ni kichaa ili aachiwe aende zake. Sheria haiendi hivyo. Mahakama ikiridhika kwamba mtu alitenda kitendo akiwa hana akili timamu, harudi nyumbani jioni ile. Huamriwa kushikiliwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili, na amri hiyo haina tarehe ya mwisho iliyopangwa. Kwa kosa zito utetezi huo unaweza kuwa ndiyo haki yenyewe. Kwa mibuni iliyokatwa, na kwa mtu aliyekwisha kupata nafuu na anayeweza kueleza alichofanya, kulikuwa na njia nyingine, nayo ilitakiwa kujadiliwa na mwanasheria kabla ndugu yeyote hajasimama kusema chochote.

Wakati huo huo mama alikuwa akilishughulikia jambo hilo kwa upande wake. Alichuma jani la sale, akafuatana na baba mdogo, akaenda kwa jirani kuomba radhi kama wazee wa Kichaga walivyofanya tangu zamani. Jirani alilipokea. Hakuifuta hasara, wala hakuna aliyemtaka aifute. Tulikubaliana fidia ya kulipwa kwa awamu na miche mipya ya kahawa. Lakini alipoulizwa mahakamani alisema kwamba hana haja ya kumwona kijana gerezani, anachotaka ni uhakika kwamba atatibiwa. Ninaamini maneno yale yalikuwa na uzito kuliko yote tuliyoyasema sisi.

Mdogo wangu alikiri kosa, na hakimu akamweka chini ya uangalizi kwa miezi 12 badala ya kumfunga. Masharti yalikuwa asitende kosa jingine, aishi kwa mama, asinywe pombe, aripoti kwa afisa uangalizi na ahudhurie kliniki ya afya ya akili kama daktari atakavyopanga. Hakimu alimweleza kwa lugha nyepesi kwamba akikiuka anaweza kurudishwa na kuadhibiwa kwa kosa lile lile la awali, kisha akamuuliza kama yuko tayari. Alijibu, "Niko tayari, Mheshimiwa."

Someni amri kabla ya kutoka katika uwanja wa mahakama, na muombe nakala iliyothibitishwa kwa karani siku hiyo hiyo. Yetu ilisema "ahudhurie kliniki" bila kutaja kliniki ipi, bila kusema nani atamfahamisha afisa uangalizi kwamba amehudhuria, na bila neno lolote kuhusu itakuwaje akihudhuria akakuta dawa hakuna. Mambo hayo matatu yalionekana madogo siku ile. Ndiyo yaliyotusumbua mwaka mzima. Laiti wakili au msaidizi wa kisheria angemwomba hakimu ayaandike, ingemchukua dakika chache tu, kwa sababu mahakama ilikuwa tayari kusikiliza.

Kliniki ilimwanzishia sindano ya flufenazini, ile ya kila mwezi, pamoja na vidonge vya usiku. Faida ya sindano ni kwamba hakuna mabishano ya kila siku juu ya vidonge, wala hakuna wa kumkagua mwenzake kama amemeza. Lakini wiki ya pili baada ya sindano nilimkuta asubuhi ameketi jikoni na kikombe cha uji, mikono yote miwili inatetemeka kiasi kwamba uji ulikuwa ukimwagika juu ya magoti yake kabla haujafika mdomoni, na shingo imekakamaa kuelekea upande mmoja. Mate yalikuwa yakimtoka. Hakulalamika. Aliweka kikombe chini, akasema, "Dada, hii ndiyo sababu huwa ninaziacha." Kwa miaka yote ile sisi tulikuwa tukiita jambo hilo ukaidi.

Tulirudi kliniki bila kungoja tarehe. Daktari alimwongezea vidonge vya benzheksoli, ambavyo wengi huviita Artane, na baadaye akapunguza kipimo cha sindano. Ndani ya muda mfupi mikono ilitulia na akaweza tena kushika panga la kupogolea migomba. Kukakamaa kwa misuli, kutetemeka na kushindwa kutulia mahali pamoja ni madhara yanayofahamika ya dawa za kundi hilo, na mengi hurekebishika. Basi mgonjwa anapokataa dawa, kabla ya kumtishia, muulizeni dawa inamfanya nini mwilini, mkampeleke akayaseme hayo mwenyewe kwa daktari. Msimsemee. Tuligundua kwamba kila tulipoingia naye chumbani muuguzi alituuliza sisi naye akanyamaza, na kila alipoingia peke yake kwanza alieleza mambo ambayo sisi tuliolala naye nyumba moja hatukuwa tunayajua.

Tatizo la dawa kukosekana lilianza katikati ya mwaka. Alifika kliniki tarehe yake, akaonana na daktari, akaandikiwa, akafika dirisha la dawa, akaambiwa hakuna, akanunue nje au arudi baadaye. Mwezi uliofuata ikawa hivyo tena. Sera ya msamaha wa matibabu nchini inawataja wagonjwa wa akili miongoni mwa wanaopaswa kuhudumiwa bila malipo katika vituo vya umma, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuonana naye kwa ajili hiyo. Lakini msamaha wa malipo hauleti dawa ambayo haipo. Tukawa tunazunguka maduka ya dawa mjini, kutoka karibu na stendi hadi Majengo, tukiuliza. Wakati mwingine tulipata. Wakati mwingine tuliagiza Arusha kwa kondakta wa basi, naye akaileta. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana, ilizidi bei ya dawa yenyewe, na nani aitoe lilikuwa jambo la ugomvi kila mwezi mpaka tulipoketi kama familia na kugawana: kaka aliye Dar es Salaam alibeba dawa, mimi nikabeba nauli, na baba mdogo akachukua jukumu la kumsindikiza. Mgawanyo huo ungefaa kufanywa siku ya kwanza.

Katika kipindi hicho cha kukosa dawa alikosa sindano moja kabisa, na tarehe iliyofuata hakwenda kliniki, kwa maelezo yake kwamba hakuona sababu ya kupoteza kutwa nzima kwa ajili ya kuambiwa hakuna. Muda si mrefu ikaja samansi. Taarifa iliyofika mahakamani ilisema tu kwamba mshtakiwa hahudhurii kliniki kama alivyoamriwa. Mama hakulala usiku ule. Kilichotuokoa ni daftari la kawaida la shule ambalo baba mdogo, mtu wa zamani wa chama cha ushirika cha kahawa asiyeamini kitu kisichoandikwa, alikuwa akilijaza: tarehe, jina la idara, dawa iliyoandikwa, dawa iliyotolewa au isiyotolewa, na sahihi ya mhudumu pale alipokubali kuweka. Pale dawa ilipokosekana alikuwa amemwomba mhudumu aandike nyuma ya cheti kwamba haipo. Hakimu alizipitia kurasa zile moja baada ya nyingine, akaona kwamba mtu huyu alifika mara zote isipokuwa mara moja na kwamba mara kadhaa alirudishwa mikono mitupu, akampa onyo na kuiacha amri iendelee. Safari hii aliagiza ijulikane kliniki ni ipi na afisa uangalizi awe akipokea taarifa kutoka huko moja kwa moja.

Kama kuna kitu kimoja cha kufanya leo, ni daftari hilo. Liandikwe hata siku ambazo hakuna kilichoharibika.

Baada ya samansi ile nilianza kusoma jinsi nchi nyingine zinavyoendesha jambo hili, nikitaka kujua kama shida ni yetu peke yetu. Jimbo la New York nchini Marekani lina sheria ya matibabu ya nje ya hospitali kwa amri ya mahakama tangu mwaka 1999, inayojulikana kwa jina la Kendra Webdale, mwanamke kijana aliyesukumwa relini mwaka huo na mtu mwenye skizofrenia. Sheria hiyo haingoji mtu atende kosa; ni amri ya kiraia. Kilichonigusa ni kwamba mtu yule alikuwa amewahi kuomba msaada wa matibabu na hakupata wa kumtosha, na kwamba jimbo lilipoanzisha amri hizo liliongeza pia huduma na fedha, hata wataalamu wakabaki wakibishana iwapo nafuu iliyoonekana ilitokana na amri au na huduma zilizofuatana nayo. Nchini Uingereza amri za matibabu katika jamii zilianza kutumika mwaka 2008. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 333, wengine wakiwa chini ya amri hizo na wengine wametoka hospitali kwa ruhusa ya kawaida ya muda mfupi, na katika makundi yote mawili asilimia 36 walirudishwa hospitali ndani ya mwaka mmoja. Amri haikuleta tofauti. Sisomi matokeo hayo kama sababu ya kuzikataa amri, kwa maana bila ile ya kwetu mdogo wangu angekuwa gerezani. Ninayasoma kama uthibitisho wa nilichokiona dirishani pale: anayetakiwa kuhudhuria akihudhuria, lazima awepo wa kumhudumia na kitu cha kumpa.

Desemba inastahili aya yake. Wachaga wote mnajua kihamba kinavyojaa wakati wa Krismasi, ndugu wanarudi kutoka kila pembe ya nchi, mbuzi anachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inakaa sebuleni tangu asubuhi. Kwa mtu aliyekatazwa pombe kwa amri ya mahakama na kwa ushauri wa daktari, wiki hizo mbili ni hatari kuliko miezi yote iliyotangulia. Wapo ndugu waliomwona mara moja kwa mwaka, wakamkuta mzima, mnene kidogo, anacheka, wakahitimisha kwamba amepona na kwamba sisi tunamtesa kwa sindano. Mmoja alimpa bia kwa mapenzi kabisa. Mama alimwita kila mgeni pembeni mmoja mmoja, kabla ya kuketi, akamweleza kwamba kijana yuko chini ya amri na kwamba glasi moja inaweza kumrudisha kwa hakimu. Waliposikia habari ya hakimu walielewa haraka, kuliko walivyoelewa habari ya ugonjwa. Ilinisikitisha, lakini ilisaidia. Tuliweka pia soda na maji ya ndizi yasiyochachuka, ili asikae mikono mitupu wenzake wakinywa.

Kwetu sisi wa nyumbani neno hilo la hakimu lilikuwa na ubaya wake. Ni rahisi mno kulitumia kila asubuhi: oga, la sivyo nitamwambia afisa, kula, la sivyo utarudi mahabusu. Siku moja aliniambia kwa upole, "Dada, ukiendelea kunitajia mahakama kwa kila jambo, siku nikisikia zile sauti tena sitakwambia." Tangu siku hiyo tulikubaliana naye kwamba mahakama itatajwa kwa mambo yaliyoandikwa kwenye amri tu, na mengine tutayazungumza kama ndugu wanavyozungumza. Tuliandika pia, kwa maneno yake mwenyewe, dalili zinazotangulia kabla hajazidiwa: anaacha kulala, anazima redio ya mama, anaanza kupita njia ya nyuma ili asionane na watu. Karatasi hiyo iko kwa mama, kwangu na kwa baba mdogo. Nakala ya nne, kwa hiari yake, aliipeleka kwa jirani.

Miezi 12 ilipokwisha hakuna aliyetupigia simu. Amri za namna hii huisha kimya, na mtu anaweza kuamka asubuhi akaona hana tena sababu ya kupanda daladala kwenda mjini. Miezi miwili kabla ya mwisho tulimwomba afisa uangalizi aandike barua kwamba masharti yametimizwa, tukaiweka pamoja na nakala ya hukumu na risiti za fidia, kwa kuwa siku yoyote anaweza kuhitaji kuthibitisha kwamba shauri lile limefungwa. Tulimwomba daktari pia azungumze naye, bila sisi, juu ya kuendelea baada ya amri. Alichagua kuendelea na sindano, kwa kipimo kile kidogo, na kuhamishia tarehe zake siku isiyo ya soko ili asikose kazi. Fidia imebaki awamu mbili, miche ya jirani imeshika, na daftari sasa analijaza mwenyewe.